Ukamuzi

Saa kumi alfajiri, mjini Kemi,
nje digrii ishirini na saba chini ya sifuri,
mume wangu anakamua.
Namsikia ukutani: mashine inameza diski,
inakohoa, inanyamaza, kisha inavuma
kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo la kahawa.
Veikko ameshika kikombe, hanywi.
Anatazama asilimia.

Kiwanda cha karatasi kilipofunga lango
walimpa saa ya ukutani, wakamshika mkono.
Akaja nayo, akaitundika, akasema:
Aune, sasa nitazihamisha filamu zote
kutoka kabatini hadi hewani.
Nikamwambia hata hewani kuna vumbi.
Hakusikia. Nyaya alikwisha kuziagiza.

Ni diski mia tatu na kumi na mbili.
Nimezihesabu mimi, mwenye kitambaa cha kufutia.
Kila moja gigabaiti arobaini, pengine zaidi,
na hataki kubana hata chembe.
"Maziwa," ananiambia, "hayachanganywi na maji."
Mama yake aliamka saa hizihizi, zizini,
ng'ombe saba, ndoo ya bati, mvuke,
na karani wa kiwanda cha siagi akichovya kipimo
kuona kama kuna hila.
Ndiyo sababu, nadhani.
Au siyo. Veikko hutenda kwanza,
sababu huja baadaye, inatembea kwa magongo.

Msamiati wake umenikaa bila kuualika,
kama majina ya mawifi:
sauti ya njia nane, manukuu ya lazima, manukuu ya hiari,
weusi ambao ni mweusi kweli
na weusi ambao ni kijivu kilichojipaka masizi.
Haraka haina baraka, anasema.
Sawa. Lakini polepole nayo ina bili ya umeme.

Ile ya mfua chuma na wajane wawili
ilikuwa na mkwaruzo, dakika ya sabini na moja.
Usiku tatu mashine ilifika pale ikagoma.
Akaiosha kwa maji vuguvugu,
akaifuta toka katikati kwenda nje,
"si kwa kuzungusha, Aune, kamwe si kwa kuzungusha,"
utadhani mimi ndiye niliyetaka kuizungusha.
Usiku wa nne akaniamsha
kunijulisha kwamba sabini na moja imepita.
Nikampongeza.
Ningefanyaje?

Seva inakaa kabati la viatu.
Ina joto; soksi zangu hukaukia juu yake,
hilo nalikubali kuwa ni maendeleo.
Waya unapita chini ya zulia, juu ya mlango,
unatokea nyuma ya runinga mpya
pana kama meza ya msiba.

Jumamosi akaja Kaisla, mjukuu, kutoka Oulu.
Babu akamwekea kiti mbele ya runinga,
akazima taa, akaenda kuchemsha kahawa.
Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu.
Mtoto yuko sofani, chini ya blanketi,
wajane wawili wanalia kiganjani mwake
kwenye simu yenye ufa toka pembe hadi pembe,
sikio moja limezibwa, la pili linanisikiliza mimi.

Nikashika pumzi.
Gigabaiti arobaini, kwenye kioo cha ukubwa wa biskuti!
Veikko akainama. Akatazama kitambo.
"Haikwami?"
"Haikwami, babu."
"Hata dakika ya sabini na moja?"
"Iko na nini?"
Akajinyoosha, akaenda jikoni,
nikamsikia akipiga mluzi, yeye asiyejua mluzi.

Jana usiku hakuweka kitu. Alichoka, nadhani.
Saa kumi macho yangu yakafunguka yenyewe.
Ukuta kimya. Theluji kimya.
Saa ya kiwanda peke yake, tik, tik,
ikihesabu zamu ya watu wasiokuwepo.
Nikageuka huku, nikageuka kule,
mwishowe nikamgusa bega:

Veikko, amka.
Ng'ombe wanalia.