Hemshire

Neno lenyewe ndilo lililonikwaza kwanza.
Kwetu Erzurum muuguzi huitwa hemshire,
na hemshire, ukilichimba hadi mizizi,
ni dada, yule mliyenyonya naye ziwa moja.
Basi mwaka wa kwanza chuoni, wanaume tisa kati ya sitini,
tulijibana mstari wa nyuma kama viatu mlangoni,
kila mmoja akiwaza atakuwaje dada wa watu.

Baba huendesha greda la kusukuma theluji.
Wenzake wakimuuliza, mwanao anasomea nini,
hujibu, "Mambo ya hospitali," kisha hukanyaga mafuta.
Simlaumu. Nami niliiga.
Kwa mwenye nyumba nilikuwa mambo ya hospitali.
Kwa mama yake Sevda, vilevile;
akaelewa daktari, nikamwacha aelewe,
hadi siku aliponiletea eksirei ya goti lake.

Wodini kosa lilelile likanifuata.
Naingia na beseni, wagonjwa wananiita daktari.
Nurhayat anaingia nyuma yangu, miaka ishirini na sita kazini,
yeye ajuaye nani hataiona asubuhi,
wanamwambia, "Binti, tuletee chai."
Mara ya kwanza nilicheka.
Mara ya pili nilimtazama usoni.

Akanifunza. Kubadili shuka bila kumwamsha aliyelala juu yake.
Kubisha hodi kwenye pazia, maana pazia nalo ni mlango.
Kumwambia bibi wa Oltu, kabla yeye hajaniambia,
"Namwita mwenzangu wa kike,"
na kutokwenda na katazo lake hadi nyumbani.
Ila akitakiwa wa kumnyanyua mzito,
au mlevi wa usiku akianza kurusha ngumi,
jina langu hukimbia korido nzima: Tunahan! Tunahan!
Mabega yangu waliyaajiri mapema.
Mikono ilikawia.

Usiku mmoja wa Februari, saa tisa,
mzee Muhittin, seremala wa zamani,
mishipa imejificha kama maji chini ya barafu.
Wawili walishamdunga, wakashindwa.
Nikazima taa kubwa, nikafumba macho, nikapapasa
kama yeye alivyopapasa mbao maisha yake yote.
Kidole kikasema: hapa.
Damu ikachungulia kwenye mrija, nyekundu, bila ubishi.
"Wewe ni nani hasa?" akauliza.
Nikajikusanya nijibu. Keshalala.

Tangu hapo nimeharibika.
Kwenye foleni ya mkate natazama mikono ya watu
na kuichagulia sindano.
Muuza jibini ana mshipa wa kuringia;
laiti angejua ninavyomhusudu.

Jana nilikwenda kunyolewa kwa Zulkuf.
Wembe uko shingoni, akauliza kama waulizavyo vinyozi wote,
"Kijana, kazi gani?"
Lile jibu la kale lilikuwa mdomoni,
limelainika kwa kutafunwa miaka minne.
Nikalimeza.
"Hemshire," nikasema.

Wembe ukasimama.
Redioni mtu alikuwa akitaja barabara zilizofungwa.
Nikangoja mzaha; nilikuwa na majibu matatu, yote makali.

Zulkuf akaufuta wembe, upande huu, upande ule.
Akaenda mlangoni, akageuza kibao cha Tumefunga,
akaketi kiti cha pembeni, akavua kiatu cha kushoto,
kisha soksi, iliyogoma, imeshikana na nyama.
"Sukari," akasema. "Mke wangu hajui."

Nusu ya uso wangu ingali na povu,
nikapiga magoti juu ya nywele za watu,
nikakishika kisigino chake kiganjani,
nikaomba maji ya uvuguvugu.