Hesabu ya Picha Moja

Kwa Mzee Kasonta, pale karibu na stesheni ya Tabora,
picha ya postikadi ni elfu moja na mia tano.
Nilipiga hesabu nikiwa kwenye foleni,
hesabu ya mtu anayejiona mwerevu:
picha mia tatu tu, mashine imejilipa.

Mashine ikaja kwa treni kutoka Dar,
imeviringishwa kanga ya shangazi.
Tuliipa meza ya cherehani ya mama.
Cherehani ikaenda uvunguni.

Sasa sikia.
Karatasi za kung'aa, pakiti ya ishirini, elfu kumi na nane.
Wino chupa nne, kila chupa elfu ishirini na tano,
wala haziishi pamoja:
njano imejaa mpaka shingoni, haina kazi,
nyekundu ndiyo inayokauka.
Nani angejua kwamba ngozi zetu, tunazoziita nyeusi,
zinakunywa nyekundu kiasi hiki?

Ukiiacha wiki tatu inanuna.
Inaandika kwenye kioo chake: safisha kichwa.
Nikabonyeza ndiyo. Ikakoroma, ikatikisika,
ikanywa robo ya chupa kwa kuoga tu,
haijachapa hata ukucha.

Picha yenyewe ni ya mama.
Ndiyo pekee aliyopigwa akicheka,
harusini kwa Mihayo, kwa simu ya mtu,
na arobaini yake ni Jumamosi.

Ya kwanza ilimtoa kijani.
Ya pili ilimpiga mistari,
kama anayechungulia nyuma ya ukili.
Ya tano, LUKU iliishia puani:
mama ana macho, kicheko hana.
Ya nane ilikuwa njema kabisa,
nikaigusa kabla haijakauka.

Barua ukiikosea unaichana.
Uso wa mama unauchanaje?
Huwashii jiko. Humfungii mtu karanga.
Nimewalaza kwenye kopo la biskuti,
mama kumi na mmoja, kifudifudi,
na hapo kwenye daftari langu
sijui niandike shilingi ngapi.

Jana Nyanzala alifika kutoka Urambo.
Akafungua kopo akitafuta sindano,
akakaa nalo mapajani muda mrefu.
Akachagua ile ya bluu, ile mbovu kuliko zote.
"Hivi ndivyo alivyokuwa," akasema, "mwezi wa saba,
akirudi na ndoo, kabla jua halijatoka Isevya."
Akaitia kwenye mkoba. Sikumzuia.

Leo nimekwenda kwa Mzee Kasonta
na simu mkononi, kama mtoto aliyetoroka shule.
Akapangusa miwani, akamtazama mama, akaongeza mwanga kidogo
upande wa shavu la kushoto.
Elfu moja na mia tano.
"Ulishawahi kuichapa mahali?" akaniuliza.
Nikamwambia hapana,
hii ndiyo ya kwanza.