Upana wa Vidole Vitatu

Hatua kumi nyuma ya mashine nimehesabu:
mahindi kumi na moja chini,
mengine na maganda yake, yamelala
kama watoto waliosinzia ibadani.
Mstari wa pili, kumi na matatu.
Nikazima trekta.

Oljoro, mwezi wa saba. Vumbi
linaingia hadi ndani ya chupa ya chai.
Mlima Meru umejifunika wingu lake,
haujali.

Mashine hii Baba aliinunua mnadani,
shamba moja la ngano lilipofilisika.
Ilikuwa nyekundu, nasikia.
Mimi nimeikuta na rangi ya kutu,
kitabu cha maelekezo kimeliwa na mchwa,
wamebakiza jalada: mtu amekaa juu ya kiti,
anacheka.

Fundi Elirehema akaja kutoka Unga Limited,
spana zikigongana ndani ya mfuko wa rambo.
Hakunisalimia mimi. Alisalimia mnyororo,
akauinua kwa kidole kimoja:
"Umelegea kama mdhamini siku ya marejesho."
Akaukaza. Tukajaribu.
Tisa.

"Basi ni rola." Akaingia chini, ikabaki miguu.
Meno yamekwisha, alisema kutoka huko,
hayang'ati bua, yanalilamba.
Tukazifungua, tukazipeleka kwa mchomeleaji;
nikashinda karakanani na ndizi mbili za kuchoma
nikitazama pembeni, nisiangalie moto,
hadi rola zikaota mistari mipya ya chuma.
Kesho yake asubuhi:
saba.

Saba! Shilingi zangu zote zile, saba.

Ni Nasieku aliyeuliza,
yeye anayeokota nyuma yetu kwa ruhusa.
"Mbona makubwa hamniachii?"
Akaimwaga ndoo kwenye kanga yake.
Yote madogo. Marefu kama kiganja changu,
membamba kama mpini wa kisu.

Elirehema alichuchumaa, akayatazama sana.
Kisha akapitisha vidole katikati ya rola,
vitatu, vikapita bila kugusa.
"Nani alipima hapa?"

Baba alipima. Mwaka ule
mvua ilinyesha hadi tukaichoka,
na hindi moja lilihitaji mikono miwili.
Alipanua mwenyewe, akafunga nati,
akaipaka rangi ya bluu, maana yake:
usiguse.
Tangu siku hiyo mashine inayasubiri mahindi yale,
imeyawekea nafasi,
na haya yetu, ya mwaka wa mvua ya kukopa,
yanapita katikati
kama barua chini ya mlango.

Spana mkononi, nikasita.
Kuikaza nati ile ni kusema kwa sauti
jambo ambalo nyumbani hatujamwambia
mzee mwenye mguu uliovimba,
anayeuliza kila jioni, "Magunia mangapi?"
na mimi kila jioni, "Bado tunavuna."

Nati iligoma.
Mafuta ya taa. Nyundo. Tusi moja la Kimeru
ambalo sitalifasiri.
Kisha mlio, na bluu ikapasuka.
Vidole vitatu. Viwili. Kimoja na nusu.
"Hapo," Elirehema akasema akijifuta grisi,
"sasa inaujua mwaka."

Gia ya kwanza, polepole.
Hatua kumi: mawili.
Nasieku akayaokota, akachungulia ndoo yake,
akanitazama.
"Si mngekaza kesho?"
Nikashuka, nikamjazia kutoka kwenye trela,
na Elirehema akajifanya anatafuta spana.

Jioni Baba hakuuliza magunia.
Aliniangalia mikono, kucha zilizoingia bluu.
Nikamwonyesha kwa vidole: kimoja na nusu.
Akageuza uso kwenye ukuta,
muda mrefu, chai ikapoa.
Halafu akasema:
"Na rangi je,
mmeirudishia?"