Sahani ya Tatu

Niseme ukweli, sahani zilikuwa tatu.
Ya kwanza niliihesabu. Ya pili niliiona.
Ya tatu nilishtukia tu mkono umeshafika chini,
vidole vinatafuta ukoko.

Ilikuwa arobaini ya mtoto wa Mwanahawa, Mbagala Kizuiani,
turubai la bluu limevutwa kutoka kwa jirani mpaka nguzo ya umeme,
na lile sufuria linalobebwa na watu wawili
kwa kanga zilizokunjwa.
Mimi tangu Machi chakula changu ni kiganja:
kiganja cha wali, viganja viwili vya mchicha,
na sukari tumeachana, talaka ya maandishi.
Kilo sita na nusu zimekwenda.
Gauni la harusi ya Sikudhani
sasa linaingia bila kubana pumzi.

Shangazi Siwema akanitazama kama nimetoka wodini:
"Hidaya, mwanangu, nani anakutesa?"
Akanipakulia. Juu ya nyama akaweka nyama.
Lakini nisimsingizie shangazi,
ya pili nilikwenda mwenyewe,
na keki, na soda mbili za tangawizi,
na sambusa nne nikazifunga kwenye tishu:
"Za watoto nyumbani."
Nyumbani sina watoto.

Usiku pilau lilinikaa kifuani kama mgeni asiyeaga.
Feni inazunguka, luku imebaki uniti mbili,
nami napiga hesabu zangu:
kesho sili.
Kesho kutwa maji na ndimu.
Au basi, maji yakishamwagika,
ile sambusa ya mwisho naiwekea nani?
Nikaila. Ya baridi, gizani, nimesimama.
Haikuwa hata tamu.

Jumatatu asubuhi nikashuka Buguruni.
Pale kwa wauza viatu hukaa Kibwana na mizani yake,
kioo kimepasuka kona, kupima mia mbili.
Kila wiki namba yangu huiandika
nyuma ya daftari, chini ya watu wanaodaiwa vocha.
Nikavua viatu. Nikavua saa.
Nikavua na hereni.

Kibwana akaitazama ile hereni kiganjani mwangu.
"Dada, jana ulikuwa shughulini."
Umejuaje?
"Unanukia udi. Halafu mtu havui hereni kwa heri."
Akaiinua mizani, akaipakata kama mtoto wa arobaini.
"Leo nikikupima nitapima pilau, chumvi na soda.
Wewe mwenyewe humo humo.
Njoo Alhamisi. Mia mbili yako kaa nayo."

Nikabaki nimesimama peku juu ya boksi lake,
nimejiandaa kwa hukumu
na hakimu amefunga mahakama, anakunywa chai.
Nilitaka kumgombeza. Namba ni yangu!
Hata kama ni mbaya, ni yangu.
Akageukia mteja mwingine, mzee mwenye begi,
akamwambia aliweke begi chini.

Sikufunga siku hiyo.
Nilidhani nitafunga, nilikuwa nimeshaapa,
ila saa nne njaa ikaja, njaa ya kawaida,
haina kinyongo, haikumbuki jana,
ikabisha hodi kama kila siku.
Nikaipa maharage kiganja kimoja
na parachichi nusu. Ikanyamaza.
Ndiyo hivyo tu.
Nilingoja kitu kikubwa zaidi.

Jioni, mchicha umeshachambuliwa, simu ikalia.
Shangazi Siwema: "Ulifika salama?
Kuna pilau limebaki, nimekuwekea kwenye friji."
Nikamwambia ahsante, shangazi,
wape vijana waliokuja kufungua turubai.
Akasema haya.
Nikanyamaza. Naye akanyamaza, ananijua.
Nikasema:
"Ukoko, shangazi.
Ukoko niwekee."