Mlango wa Ishirini na Nne

Miaka minne nimeingia Naryn bila kuvua viatu.
Nipo Bishkek, ghorofa ya tano, chai mkononi,
nabisha hodi kwa anwani na nenosiri,
na swichi ya hospitali, kule nyuma ya milima,
inanipa mstari mtupu na kishale kinachopepesa.
Ndiyo karibu yake. Haina nyingine.

Milango yake naijua kwa namba.
Wa tatu ni maabara. Wa tisa, chumba cha picha za mifupa.
Wa kumi na saba hauna jina,
ila kila alasiri, saa tisa na robo,
taa yake huchangamka dakika kumi, kisha kimya.
Nimeuwaza kuliko ninavyomuwaza jirani yangu.

Usiku wa Jumanne nilikusudia kufunga wa kumi na nne.
Kidole kikaandika ishirini na nne,
na huo ndio mlango niliokuwa nimesimama ndani yake.

Kishale kikaganda.
Akataye tawi alilokalia husikia walau msumeno;
mimi sikusikia kitu.

Hodi. Hodi. Hodi.
Ukibisha mara tatu bila jibu, desturi yasema geuka.
Simu ikalia: Sagynbai, mlinzi wa zamu.
"Binti, maabara imekatika. Nikichomoe hiki kidude, nikichomeke tena?"
Nikajibu kwa sauti ya mtu mwenye vyeti ukutani:
"Usiguse chochote. Nakuja."

Saa saba za barabara.
Kochkor nilinunua mkate, nikausahau juu ya paa la gari.
Kwenye kilele cha Dolon lori la makaa limelala ubavu,
dereva wake anavuta sigara kama anayengoja zamu kwa kinyozi.
Na kiti cha abiria, nimeifunga mkanda,
kebo ya buluu, bapa, mita moja na nusu:
umbali pekee ambao sasa ile mashine itaukubali.

Chini ya ngazi, nyuma ya ndoo na sleji ya mtoto,
Sagynbai akamulika tochi.
Ndogo. Nilidhani ni kubwa zaidi.
Ina joto la tumbo la paka,
na juu yake mtu ametandika kitambaa cha kufuma
ili isipate vumbi, kikaziba matundu ya kupumulia.
Nilikikunja. Nikaona haya kukilaumu.

Nikapiga magoti, nikachomeka.
Herufi zikaja moja moja,
kama mtu asomaye barua kwa miwani ya kuazima.
Amri mbili fupi. Mlango ukafunguka.
Huko juu, maabara, mtu akapiga makofi.

Ndipo nilipoona: kosa langu sikuwa nimelihifadhi.
Liliishi katika ile kumbukumbu inayosahau umeme ukikatika.
Mzee angechomoa, angechomeka,
swichi ingeamka haijui nilichoitenda.
Sikumwambia.
Kisha nikamwambia.
Alicheka mpaka mwanga wa tochi ukaruka ukutani,
akanimiminia chai ya maziwa yenye chumvi.

Nililala kwenye benchi hadi mchana.
Saa tisa na robo, taa ya kumi na saba ikachangamka.
Niliifuata kebo kwa vidole, ukuta kwa ukuta,
ikapita jikoni, ikashuka kwenye chumba cha kufulia.
Humo Tursunai, mikono ina povu hadi viwiko,
anamwambia kijana aliye kwenye skrini
ale vizuri, Irkutsk ni baridi, avae ile sweta.

Sikubisha hodi.
Nilisimama nje, viatu mkononi.

Kabla ya kuondoka nilirudi chini ya ngazi.
Penye jina la kumi na saba nikaandika: usifunge.
Penye ishirini na nne: hapa ndipo ninapopitia.
Nikahifadhi.
Nikahifadhi tena.