Mdomo Mdogo

Jina langu Kizza, niliyezaliwa nyuma ya mapacha,
na kazi yangu ni kuchonga nyuso nisizozijua.
Hapa Mpambire, kando ya barabara ya Masaka,
jirani zangu wanawamba ngoma. Mimi nawamba uongo.
Hajati Nambooze hunitumia picha kwenye simu:
"Hii ya Sierra Leone. Nane. Kabla ya Ijumaa."

Nachonga. Mti wa musizi ni mwepesi, haunibishii.
Shingo yenye pete-pete kama ya mtoto aliyeshiba,
nywele za kusukwa, macho yamesinzia nusu.
Naipaka dawa ya viatu, naizika kichuguuni wiki mbili;
ikifukuliwa ina miaka mia,
na bei yake imezeeka nayo.

Lakini picha ilikuwa na ukungu, mdomo sikuuona.
Nikagusa patasi mara moja, nikauacha umefumbwa.
Uvivu tu.

Jumanne akaja mwanamke asiye wa huku,
Baindu, muuguzi, yuko Mulago kwa mafunzo.
Alitaka kangoma ka mwanawe.
Akaiona ya nane imelala chali juani
katikati ya maranda, kuku anaidonoa sikio.
Akavua mtandio wake akaifunika
upesi, kama unavyomsitiri mama
aliyevuliwa nguo sokoni.

Nikauliza, kwenu hii ni nini?
Akatazama barabara. Lori la matoke likapita, kisha jingine.
"Wanaume huiona ikicheza.
Mimi najua ndani kunanuka nini."
Basi. Hapo akafunga.
Halafu: "Nani alikufundisha kumfumba mdomo?"
Nikasema, hakuna.
"Afadhali," akasema, akacheka kidogo, akalipia ngoma.

Chumbani kwa mama, juu ya kabati,
kuna kikapu. Ndani, vitovu vya kaka zangu
vimeviringishwa gome la mutuba.
Nilipokuwa na miaka saba nilimuuliza vinafananaje.
Alinitazama vilevile, kama barabara.
Hakuna aliyewahi kukipiga picha kikapu kile,
na mimi, fundi wa nyuso za watu,
sijathubutu hata kukipangusa vumbi.

Hajati anapiga: zimefika saba, ya nane?
Imepasuka, namwambia.
Anatukana mti, anatukana mvua, anakata simu.

Mtandio aliuacha.
Una harufu ya sabuni ya hospitali.
Sijaufunua.