Herufi Yenye Kitumbo

Babu alisema alilinunua likiwa jipya.
Alisema hivyo kila Krismasi, kisu mkononi,
nyama ya kondoo ya moshi ikisubiri:
mapipa sitini ya heringi yalipanda meli kwenda Urusi
na meli ikarudi na gari.
Tuliliita Mrusi. Tukala.
Nani angeomba risiti mezani?

Sasa Babu yuko chini ya changarawe za kanisa
na Mrusi yuko kwenye banda la kondoo, shambani Hvammsel,
magurudumu mawili hayana upepo,
kuku ametaga kwenye kiti cha dereva.

Nilianza na msasa.
Chini ya buluu, kijivu.
Chini ya kijivu, kijani kile cha jeshi,
na ndani ya mlango wa kushoto, nyuma ya turubai,
mistari iliyokwaruzwa kwa msumari,
mitano mitano, kama ya mfungwa.
Arobaini na mitatu.
Nikadhani anahesabu mapipa.

Nambari ya fremu ilidai mafuta ya taa, mswaki mkuukuu
na magoti yangu kwenye samadi.
Ikajitoa tarakimu moja moja, shingo upande.

Húsavík, chini ya ngazi, kwenye chumba cha kumbukumbu,
Bwana Steinþór alinivisha glavu nyeupe
akaniletea madaftari, la mwisho kwanza.
Kurasa zilinuka samaki, au labda ni mimi.
Zamani zile kila wilaya ilikuwa na herufi yake.
Yetu ni Þ, herufi yenye kitumbo mbele,
sauti yake ndiyo ianzayo theluji.
Gari likihama wilaya lilivuliwa jina, likavikwa jingine;
kulifuatilia ni kama kumfuatilia mjane aliyeolewa mara nne.
Nikarudi nyuma: Þ. Kabla yake A.
Kabla yake R, miaka miwili tu
(Babu alijaribu mji mkuu, mji mkuu ukamtema).
Kisha Þ ya kwanza kabisa, 318, mwaka hamsini na sita,
na hapo nambari za fremu zikakataana:
saba yangu, kwao ni moja.

"Huyo karani," alisema Steinþór, akifuta miwani,
"saba zake hazikuvaa mkanda."

Nikavuta taa karibu.
Mwenye gari: Þorgerður Eyvindsdóttir.
Kazi: mkunga.

Mstari unaofuata, Februari, sitini na tatu:
umiliki wahamia kwa Ásmundur Ketilsson, mkulima.
Huyo ndiye Babu.
Bei: —

Si sifuri. Kistari.
Wino umekolea mwishoni, pale kalamu ilipotua ikakaa.

Sigurlaug ana miaka tisini na mmoja na meno yake yote.
"Alikuwa dereva wake," alisema. "Vipupwe saba.
Gerða hakujua gia ya kurudi nyuma, wala hakutaka kuijua.
Mtoto harudi alikotoka, alisema, na mimi sirudi.
Basi wakifika kwenye mto uliofurika
alishuka yeye, akashika taa,
Ásmundur akaligeuza."
Na ile bei?
Aliangalia dirisha. Akasema kahawa imepoa.
Ilikuwa bado inafuka moshi.

Nikarudi bandani usiku, na kurunzi.
Mstari wa arobaini na tatu ni mrefu kuliko wenzake,
umeshuka mpaka kwenye bawaba.
Mama alizaliwa Februari ile.
Na sasa ndiyo nakumbuka, bila kutaka kukumbuka,
kwamba Bibi alikwenda dukani kwa miguu,
kilomita sita, mvua au barafu,
na Mrusi akampita taratibu, akapiga honi,
na yeye hakugeuza shingo.

Juzi nilijaza fomu ya kulisajili upya.
Mmiliki wa kwanza: nikaandika jina la mkunga, herufi zote.
Namna lilivyopatikana, thamani yake kwa krona:
nikaweka kistari.
Binti wa dirishani akaniuliza kama nimesahau.
Nikamwambia hapana,
ndivyo lilivyoandikwa.